Maboksi Matatu ya Bwana Get

Mtaani wanamwita Bwana Get, na jina hilo limemvimbisha kichwa utadhani amepewa nishani. Mtu mzima, karani mstaafu, ana mwaka wa kumi na moja anakusanya maana za neno moja la Kiingereza la herufi tatu: get. Ipo ya kupata, ipo ya kufika, ipo ya kuelewa, hata ya kumfukuza mtu. Kila maana ina kadi yake, na kadi zimejaza maboksi matatu ya viatu juu ya kabati, pale ambapo mkewe, fundi cherehani, angeweka vitambaa vya wateja.

Mke alishamchoka siku nyingi. Lakini binti yao alipoomba nafasi ya kusomea uuguzi, chuo kikataka barua ya mzazi kwa Kiingereza, mke akajishusha akamwomba mumewe aiandike. Mwisho wa kupokea barua ulikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Bwana mkubwa akakubali kwa maringo, akavaa miwani, akajifungia chumbani.

Jumatatu alikuwa na nusu sentensi. Jumatano alikuwa nayo ileile. Akawahutubia kwamba neno lake ndilo hasa linalofaa, ila msomaji anaweza kushika maana ya thelathini na moja badala ya ile ya nne, na aibu hiyo yeye haibebi. Upuuzi mtupu. Binti akawa anapita mlangoni pake kwa kunyata, macho mekundu.

Ijumaa saa sita mama akaacha gauni la mteja chini ya sindano, akamshika binti mkono, wakaenda kwa mpiga chapa karibu na posta. Dakika kumi, barua tayari, wakaikimbiza chuoni. Karani wa chuo akatazama jina na tarehe, akagonga mhuri, akaitupia kwenye rundo bila kusoma hata mstari mmoja.

Jioni Bwana Get akatoka chumbani uso unang'aa, karatasi mkononi. Mkewe akamwambia mpiga chapa ameiandika barua na chuo kimeshaipokea. Bwana Get akasogeza miwani.

"Huyo mpiga chapa katumia neno gani?"

"Baba watoto," mke akasema taratibu, "mwanao yuko mbele yako."

Lakini alikuwa ameshageuka kutafuta kadi tupu.

Nafasi ilipatikana. Fomu ya kujiunga ilipokuja, penye majina ya wazazi, binti aliandika la mama tu.