Nyota Iliyotoroka Kundini

Mimi ni mwalimu wa fizikia Mji Mkongwe, na wiki iliyopita nilijiaibisha vizuri. Mkaguzi alikuja kuamua kama klabu yetu ya nyota iendelee. Nikamwonyesha kwenye runinga picha inayotembea niliyoitengeneza kwa kompyuta: maelfu ya nyota zilizojikusanya kama mpira, zikizunguka kwa kuvutana. Ghafla moja ikachepuka, ikakata kona.

"Hiyo imepata kasi, inatoroka kundini!" nikasema kwa mbwembwe. Mkaguzi akaandika.

Bi Zuhura, mfagiaji wetu, akasogea mpaka kwenye kioo. "Samahani mwalimu, nyota yako ina miguu."

Kilikuwa kidudu cheupe. Jasho likanitoka. Mkaguzi akakata alichokiandika, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hata mimi kimenidanganya," akasema. "Klabu iendelee."

Ndipo nikapumua.