Ukoo wa Nene

Evelina Nene alikuwa mwembamba kama ufito, na kazi yake pale Igogo ilikuwa kuuza mifupa. Mungu akiamua kumtania mtu, hamtanii mara moja.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, na viwanda vya samaki vilipoota ufukweni kama uyoga. Minofu ya sangara ilipanda ndege ikaenda Ulaya. Vichwa na mifupa, ambavyo Mwanza nzima iliviita mapanki, vikabaki kwetu. Evelina aliyakaanga kwenye karai kubwa kando ya njia, na mwenye njaa hakuuliza minofu imekwenda wapi. Wateja walisema huyu ni Nene gani, mfupa unauza mfupa. Naye alicheka nao, akawaongezea chumvi.

Alikuwa ameshazoea. Zamani shuleni mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni nguo nene, kamba nene, kisha akamgeukia na kusema kwamba mtu haitwi nene, mtu huitwa mnene, na wewe mtoto si hiki wala kile. Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia.

Jina lenyewe lilizaliwa na kosa. Babu yake, Ngosha, alikwenda kuomba kibarua kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Karani, mgeni asiyejua Kisukuma hata salamu, alimnyooshea kidole akamuuliza jina. Ngosha alikuwa amezubaa anatazama mashine. Akashtuka, akajigusa kifua, akauliza: "Nene?" Kwa Kisukuma alikuwa anasema, "Mimi?" Karani akaandika Nene, akamwita anayefuata. Kuanzia siku hiyo Ngosha akalipwa kwa jina hilo, na wanawe wakabatizwa kwa jina hilo. Kina Masele na kina Shimba wamejaa kila kona ya Mwanza, lakini Evelina hakuwahi kukutana na Nene mwingine, si kanisani, si hospitali, si sokoni.

Baba yake, Yakobo, alikuwa katekista, mtu wa rozari na kanzu iliyopigwa pasi. Kisa hicho alikisimulia mara moja tu, kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba baba yake alikuwa mjinga. Ngoma ndiyo kabisa hakutaka kuisikia. Mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma, zilitajwa nyumbani kwake jinsi watu wanavyotaja ukoma. Alikufa bila mtoto wa kiume. Akabaki Evelina, na Evelina alikuwa na Suzana peke yake, ambaye baba yake aliondoka kabla hata jina lake halijazoeleka mtaani, hivyo mtoto naye akaandikwa Nene.

Basi Suzana akachaguliwa kwenda kusomea ualimu Butimba. Furaha iliyoje! Evelina alimnunulia sanduku la bati, na Suzana akaliandika SUZANA kwa rangi, akaacha nafasi tupu mbele. Mama alipouliza mbona hakumaliza, binti akasema Jumatatu anakwenda kwa wakili kula kiapo cha kubadili jina. Anataka kuwa Suzana Yakobo, kwa jina la ubatizo la babu yake. Suzana, tofauti na mama yake, alikuwa amejaa vizuri, mwili wa kupendeza. Kwa mama jina lile lilikuwa dhihaka. Kwa binti lilikuwa ushahidi.

"Mama, nitasimamaje mbele ya darasa niseme mimi ni Mwalimu Nene?" aliuliza. "Hata wewe walikucheka."

Evelina aligeuza mapanki kwenye mafuta, akasema hewala, jina ni lako. Lakini aliumia. Wa mwisho alikuwa yeye, na siku atakayozikwa, Nene atazikwa naye.

Wiki hiyohiyo Mzee Otuoma, Mjaluo wa upande wa Mara aliyevua na kuuza sangara, alivuta mtumbwi mpya mchangani. Evelina alikuwa anapita na beseni kichwani. Akasimama. Ubavuni mwa mtumbwi, kwa rangi ya buluu ambayo ilikuwa haijakauka, paliandikwa NENE.

Alisimama mpaka maji ya samaki yakamchuruzika shingoni. Ndipo akakumbuka adabu, akamwamkia mzee shikamoo, akamuuliza jina hilo amelitoa wapi.

"Marahaba, Mama Suzana. Ni hawa vijana wangu Wasukuma," Otuoma alisema. "Wakivuta wavu wanaimba. Wakifika hapo kwenye Nene, wavu unakuja mwepesi. Maana yake mimi sijui, lakini ziwa linaisikia."

Wimbo wenyewe, alisema, ni wa Wagalu, moja ya vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, na Jumapili wanashindana na wapinzani wao Wagika kule Kisesa.

Jumapili Evelina alimdanganya binti yake kwamba wanakwenda kuwasalimia ndugu. Baadaye aliona kwamba hakuwa amedanganya sana. Uwanjani aliingia akiangalia nyuma, kana kwamba marehemu baba yake angetokea na rozari mkononi. Watu walikuwa wengi kuliko aliowahi kuwaona sokoni au kanisani. Wagalu walicheza upande huu, Wagika upande ule, kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi aliyekaa kwenye kiti. Umati ndio mwamuzi. Ukinogewa na wale, unawahamia wale, na wanaoachwa na watazamaji wameshindwa.

Mwanzoni watu walikuwa kwa Wagika, walioleta chatu. Suzana akaenda kununua muwa, amenuna. Kisha manju wa Wagalu, mzee aliyeitwa Ndalahwa, akainua usinga, na ngoma zake zikanyamaza. Akaanza kuuliza kwa Kisukuma, kwa sauti kavu isiyo na haraka. Nani kalilima shamba hili la pamba? Wachezaji wakajibu kwa pamoja: Nene. Nani kabeba gunia hata mgongo ukalia? Nene. Karani mwenye kalamu ameuliza, nani huyu anayeshangaa mashine?

"Nene!"

Hapo hawakujibu wachezaji tu. Waliitikia wauza miwa, wazee waliokaa kwenye vigoda, akina mama wenye watoto mgongoni. Watu waliokuwa kwa Wagika waligeuka, wakaja mbio, vumbi likapanda, chatu akabaki na mwenyewe. Ardhi ilitetemeka chini ya malapa ya Evelina. Maisha yake yote jina lile lilikuwa limetamkwa na mdomo mmoja, tena unaocheka. Sasa uwanja mzima ulilishika, kila mtu akijipiga kifua kwamba mimi, ni mimi, na hakuna aliyecheka. Aliogopa, kama mtu anavyoogopa kanisani kengele zikigongwa zote.

Ngoma zilipopumzika alimfuata Ndalahwa, akapiga goti, akauliza wimbo ule ni wa nani.

"Ni wa Ngosha," mzee alisema. "Karani alimpotezea jina, yeye akalitungia wimbo. Kwa wimbo huo hakuna Mgika aliyemweza. Sisi tumeurithi tu. Wewe unamuulizia nani?"

Evelina alijitambulisha. "Mimi ni mjukuu wake. Baba yangu alikuwa Yakobo."

Ndalahwa alivua kilemba chake cha manyoya. Alisema Yakobo aliingia kanisani akafunga mlango, na wao wakadhani ukoo umekwisha. Kisha akauliza kama ana mtoto. Evelina alielekeza kidole kwa msichana aliyesimama na kipande cha muwa, anatamani kwenda nyumbani.

Manju alikwenda moja kwa moja, akamshika Suzana mkono, akamwingiza katikati ya uwanja. Akamuuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye miti, jina lake nani.

Suzana, aliyekuwa anakificha Kisukuma mjini kama mtu anavyoficha funza mguuni, alishtuka. Muwa ukamdondoka. Akajigusa kifua, na ulimi ukamtangulia.

"Nene?"

Uwanja ukamjibu, wote kwa pamoja, Nene, na ngoma zikapasuka. Evelina alicheka na kulia bila kujua kipi kimetangulia. Ngosha alikuwa amesimama pale pale, mbele ya karani, ameshika kifua.

Walirudi Igogo, na Evelina hakumuuliza binti yake kuhusu Jumatatu. Alikuwa anaogopa kuuliza.

Jumatatu asubuhi Evelina aliamka akakuta kitanda cha binti kitupu. Akajua amekwenda kwa wakili. Akatoka kuwasha moto wa karai. Suzana alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya sanduku, kopo la rangi ya buluu la Mzee Otuoma miguuni pake. Ile nafasi tupu ilikuwa imejaa. Alikuwa ameiandika NENE, kwa herufi nene.