Kahawa ya Mwenye Nyumba

Utasema nimezeeka. Haya, sema. Lakini mchana ule, Bukoba mjini, akili zangu zilikuwa timamu na lubisi, pombe yetu ya ndizi, sikuwa nimeonja hata tone.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, watu wametoka tu kuhamishiwa vijijini. Nilikuwa mwalimu. Kwenye uwanja wa maonyesho walisimamisha msonge wa Kihaya, nguzo zake zimeng'olewa kwenye nyumba ya mtu huko Muleba. Kibao cha mlangoni niliandika mimi, mwenye hati nzuri: NYUMBA YA WAHAYA WA KALE. USIGUSE KITU. Nilijivuna, sikufichi.

Nikaingia peke yangu kabla ya wanafunzi. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye nyasi za sakafuni, amepakata kikapu cha kahawa ya kutafuna. Nikadhani amewekwa atazamwe.

"Karibu, mwanangu. Tafuna."

Unajua desturi yetu: mgeni asipotafuna kahawa, hajafika. Nami na usomi wangu nikamjibu, "Samahani, Bibi, hizo ni za maonyesho."

"Bojo! Kwa hiyo wa kale ndio mimi?" Machozi yakamtoka. "Atafune mgeni mmoja tu, nijue hapa bado ni kwangu."

Unajua nilifanya nini? Nilimwonyesha kibao kwa kidole!

"Mwalimu, unaongea na nani?" wanafunzi wakauliza mlangoni. Nikageuka kuwatazama. Niliporudisha macho, Bibi hayupo. Kikapu kipo, na nyasi alipokaa zimebonyea.

Nilihangaika hadi Muleba kumtafuta mwenye zile nguzo. Nikampata mwanawe katika kijiji kipya. Mama yake alifariki wiki ileile nyumba ilipobomolewa, akazikwa hukohuko ugenini, mbali na kibanja, shamba lao la migomba, alikozikwa mumewe.

"Siku zile chache hakumkaribisha mtu," alisema. "Alisema asiye na nyumba hana mgeni."

Akanipa kahawa. Nikaitia mdomoni, ikawa nyasi kavu. Niamini, mpaka leo ni hivyo, hata nikipewa na mke wangu. Kila mwaka naenda kaburini kwake, natafuna mbele yake, namwambia nimefika. Nyasi tupu. Inaniuma, kwa sababu aliomba kitu kidogo mno.

Kwa hiyo wewe unayependa kutembelea nyumba za kale, piga hodi kwanza. Ukikaribishwa, achana na kibao. Tafuna.