Mbegu za Mama, Mkono wa Bibi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje kidogo ya Butiama, mahindi yalipandwa na yeyote mwenye jembe, lakini maua yalikuwa na masharti. Ua la msimu, linalochanua na kukauka, hata mtoto aliruhusiwa kulipanda. Lile la kudumu, linalokaa mlangoni miaka na miaka, lilipandwa na bibi kizee tu. Mwanamke ambaye bado anazaa akilipanda kwa mbegu, walisema, hataliona likichanua. Ua huchukua miaka ya aliyelipanda ili lenyewe lipate ya kuishi, na bibi kizee hana mingi ya kupoteza.

Mama yangu hakuzaliwa huko. Alitoka Bunda mjini, Kabasa, na siku moja alirudi kutoka kumsalimia dada yake huko akiwa na mbegu kwenye kipande cha gazeti, nyeusi, ndogo kama ulezi. Alikuwa na mimba ya mdogo wangu na kuinama kulishamshinda, kwa hiyo alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, akajaza udongo na samadi kwenye dumu la mafuta lililokatwa ubavuni. Akazinyunyiza mbegu, akazifukia kidogo, akafunika dumu kwa kaniki yake kuukuu. Aliniambia hizi hazioti zikiona mwanga. Alikuwa na furaha ambayo sikuizoea kwake, nami nikafurahi kwa sababu yake.

Zilikuwa zimeshaota bibi alipokuja kuazima ungo. Huyu ni mama yake baba, na yeye na mama hawakupatana hata kidogo. Alishasema waziwazi, mama akisikia, kwamba mwanawe ameoa mtu wa mjini asiyejua hata kukamua ng'ombe.

"Mama Wegesa, haya maua gani?"

"Ya mlangoni tu, mama. Meupe, yana jicho jekundu katikati. Kwa dada hayafagi hata kiangazi."

"Nani kayapanda?"

"Mimi."

Bibi aliweka ungo chini. "Na hilo tumbo?"

Mama akacheka. "Kule kwetu tunapandaga wote, mama, na tuko wazima."

Mimi sikucheka. Masharti ya maua niliyajua vizuri, na niliogopa. Nilimtazama mama anavyocheka nikamwona ameshakufa.

Nilitegemea matusi, lakini bibi hakutukana. Alipiga magoti mbele ya dumu, akang'oa mche mmoja mmoja na mizizi yake, akailaza kwenye khanga aliyojitanda. Mama akalalamika kwamba anaharibiwa kazi yake. Bibi alivuruga udongo wote kwa vidole, akatoboa vishimo upya, akairudisha miche ile ile dumuni.

"Sasa mkono ni wangu," alisema. "Ukiulizwa, sema ni ya mama mkwe. Na wewe Wegesa umeona."

"Nimeona, bibi."

Mama alikuwa ameacha kucheka.

Tangu hapo bibi alikuja kila asubuhi kumwagilia, na mama alikatazwa kugusa hata jani. Miguu ya bibi ilikuwa imeanza kuvimba kabla ya maua. Nalisema hilo ili nisiusingizie mmea. Ikazidi kuvimba, akawa anakuja kwa kujikongoja, kisha hakuja tena. Mama alipojifungua salama, tulimpelekea mtoto kitandani, akamshika kidogo.

"Yameshachanua?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi sawa."

Alikufa wiki hiyo. Ua la kwanza lilifunguka watu wa msiba hawajatawanyika, jeupe na jicho lake jekundu, na mama alipoliona alilia kilio ambacho wanawake walishindwa kukinyamazisha. Wengine walinong'ona kwamba anajitia, maana kila mtu alijua walivyokuwa.

Zahanati ilisema moyo. Huenda ni moyo. Lakini kwa bibi yale masharti hayakuwa hadithi za kutishia watoto. Aliyaamini kama alivyoamini kwamba moto unaunguza, akaingiza mkono. Na aliuingiza kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kumpenda. Nikifikiria hilo, mpaka leo, nakosa pa kuliweka.

Sasa naishi Buhare, Musoma, na mama nimemchukua anakaa nami, kichwa chake cheupe kabisa. Nina mimba. Juzi nilirudi kutoka Butiama na mbegu za maua yale yale, maana bado yapo, nikakata dumu na kujaza udongo uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinitazama.

"Lete hapa," alisema.

"Mama, si wewe uliyekuwa unayacheka mambo haya?"

"Lete, Wegesa."

Nilimpa. Alishuka kitini kwa taabu, akazifukia kwa mkono wake, akaomba kitambaa cheusi cha kufunikia. Sasa kila asubuhi, kabla sijakifunua hicho kitambaa, naangalia kwanza miguu yake.