Pikapu Iliyohema kama Marehemu

Mimi ni fundi magari hapa Igogo, na sijui kwa nini watu bado wananiamini. Wiki iliyopita mama mmoja mjane wa Mkolani alileta pikapu kuukuu ya marehemu mumewe, nimbadilishie sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Nikafungua ile mbovu, nikaenda kula sato, nikarudi nikawasha injini.

Chini ya gari kitu kikaanza kuhema. Kikakohoa, kikatulia, kikahema tena.

“Ndivyo alivyohema siku zake za mwisho,” mama alisema taratibu. “Fundi, hukumwomba ruhusa kabla ya kugusa gari lake.”

Ni kweli, sikumwomba. Mama akanunua unga wa mtama duka la jirani, akaukoroga kwenye maji ya kumtuliza marehemu, nami nikanyunyizia magurudumu yote manne. Kisha nikapiga magoti, nikainama mpaka chini.

“Shikamoo mzee. Nisamehe mwanao.”

Kitu kikachomoka kwenye mfuko wangu wa kifuani, kikaangukia miguuni kwa mama. Akakiokota. Ilikuwa ile sensa mpya, bado imo kwenye nailoni yake.

Mama akachungulia tundu wazi la bomba lililokuwa likihema, kisha akaniangalia.

“Marahaba,” akasema.