Karatasi Isiyo na Muhuri

Sisi walimu tulimwita Bi Muhuri. Alilijua jina hilo, na nadhani lilimpendeza. Alikuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na sita, mwanamke mfupi wa miwani yenye uzi, na alijisifu kwamba hakuna karatasi iliyowahi kutoka mikononi mwake bila kugongwa muhuri. Hata orodha ya zamu za kufagia ilikuwa nao. Ukimpelekea karatasi isiyo na muhuri, aliishika kwa ncha za vidole akakurudishia, akikuambia hiyo ni ya kufungia karanga. Mimi nafundisha hesabu na napenda mambo yaliyonyooka, lakini hata mimi alinichosha.

Ugonjwa ulipoingia, nyaraka zikaanza kumiminika kutoka juu. Wiki moja barakoa zivaliwe hata uwanjani. Wiki ya pili zivuliwe uwanjani, zivaliwe darasani. Kisha zikatakiwa za vitambaa viwili, halafu vitatu, halafu darasa la kwanza wasivae kabisa kwa kuwa walikuwa wakibadilishana kama pipi. Kila waraka Bi Muhuri aliubandika kwenye ubao wa matangazo juu ya ule wa jana, hakubandua hata mmoja, mpaka ubao ukavimba na pini zikawa hazishiki. Tulimtania kwamba siku moja ubao utamwangukia, tuandike ajali kazini.

Mtu aliyefaidika na kuumia kwa nyaraka hizo alikuwa fundi cherehani mmoja wa jirani na shule, mama wa binti wa darasa la mwisho. Nusu ya barakoa za shule alishona yeye. Kila waraka ukibadilika alizifumua akazishona upya, tena bila kunung'unika mbele za watu. Binti yake alikuwa na miaka kumi na sita, amekwisha kurudia madarasa mawili kwa sababu ya kuuguza bibi yake. Fundi alikuwa ameshasema wazi kwamba mwaka mwingine wa kurudia hautakuwepo. Binti akiukosa mtihani wa mwisho, atakwenda kwa shangazi yake kufanya kazi za nyumbani, na habari ya shule itaishia hapo.

Basi wiki mbili kasoro siku moja kabla ya mtihani, siku ya Alhamisi, msichana aliyekaa naye dawati moja akapatikana na ugonjwa. Waraka ulisema aliyekaa karibu na mgonjwa abaki nyumbani siku kumi na nne, hata kama hana homa. Mimi ndiye niliyemtoa darasani. Alikusanya vitabu vyake polepole, akaniuliza siku hizo zinaisha lini. Nilihesabu kwa vidole, mwalimu mzima wa hesabu, nikitumaini nimekosea. Zilikuwa zinaisha Alhamisi jioni, na mtihani ulikuwa Jumatano na Alhamisi hiyo hiyo.

Jumatatu ya wiki ya mtihani ukaja waraka mpya: aliyekaa karibu na mgonjwa, asipoonyesha dalili, arudi baada ya siku saba. Tulifurahi kwa muda wa kunywa chai tu. Mwalimu mkuu alikuwa amelazwa hospitali tangu Jumamosi kwa ugonjwa ule ule, muhuri uko ndani ya droo yake, na ufunguo wa droo uko kwenye mfuko wa suruali aliyolazwa nayo. Wageni hawaruhusiwi wodini. Naibu wake akakataa droo isivunjwe, mali ya shule. Bi Muhuri akauweka waraka kwenye trei, akasema utabandikwa ukishagongwa muhuri. Hapo nilimchukia, sifichi. Nilimwambia mtoto anapotea kwa ajili ya wino. Akanijibu kwamba sheria ikianza kuchagua watu si sheria tena.

Jumanne mchana fundi akaja. Alisimama nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa mbele ya mlango wa ofisi, barakoa imefunika mpaka chini ya macho. Mimi nilikuwa ndani nikitafuta chaki.

"Dada, nasikia karatasi ya siku saba imekuja," alisema.

"Imekuja. Haina muhuri."

Fundi hakuondoka mstarini. "Basi nionyeshe iliyomtoa mwanangu. Nami nijue inafananaje."

Bi Muhuri aliinuka akiwa na uhakika wake wote. Akaenda kwenye ubao, akaanza kung'oa pini na kufunua, waraka baada ya waraka, wa vitambaa vitatu, wa viwili, wa uwanjani. Kila mmoja ulikuwa na duara lake la buluu pembeni. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Waraka wa siku kumi na nne ulikuwa chini karibu na mbao, umejikunja ncha. Pembeni palikuwa peupe.

Nikakumbuka siku ulipokuja. Zilikuja nyaraka tatu kabla ya saa sita, watu wanakimbia, ndoo za maji zinapangwa getini, na wazazi wameng'ang'ania simu. Mbili zilipita kwa mwalimu mkuu. Wa tatu Bi Muhuri aliubandika moja kwa moja, halafu wa kesho yake ukaufunika. Tangu hapo tulikuwa tumewatoa watoto kumi na mmoja kwa karatasi ya kufungia karanga.

Kutoka kwenye mstari mwekundu fundi hakuweza kuona chochote. Ilitosha kuzirudisha zile karatasi na pini zake, naye asingejua kitu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na mwenye kuushika mpini alikuwa Bi Muhuri peke yake. Nilimwona akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haina," alimwambia fundi. "Nilisahau mimi. Mlete mtoto kesho."

Akaketi kwenye mashine yake akachapa barua fupi, kwamba mwanafunzi huyu alizuiwa kwa waraka usio halali, kwamba kosa ni la karani, na kwamba aruhusiwe kuingia. Akaweka sahihi yake kamili. Naibu alimwambia, "Mama, unajiingiza kwenye moto na umebakiza mwaka mmoja ustaafu." Bi Muhuri akasema ameshaingia tangu siku ile aliyobandika. Jumatano alfajiri alikuwa getini kabla ya mlinzi, barua mkononi, na binti alipopimwa joto, karani alisogea kuisoma namba ya kipimajoto mwenyewe.

Binti alifaulu, si kwa kishindo, ila alifaulu.

Mwalimu mkuu alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, suruali imefungwa mkanda kwenye tundu la mwisho. Alisikia habari yote, akasema hana budi kumpa karani onyo la maandishi. Alimtamkia maneno, Bi Muhuri akayachapa bila kukosea hata nukta. Mkuu akaweka sahihi, akamsogezea. Bi Muhuri hakuichukua.

"Mwalimu," alisema, "haina muhuri."

Mkuu akafungua droo, akagonga. Bi Muhuri akapuliza wino mpaka ukakauka, akalitoa faili lake kabatini. Kwa miaka ishirini na sita lilikuwa na karatasi moja tu, barua ya kuajiriwa. Aliitoboa ile ya pili, akaipanga juu yake, akarudisha faili mahali pake.