Wamekuja Kunizika, Kisa Vitumbua

Jamani, leo asubuhi watu wamekuja kwangu kuhani, na marehemu ni mimi.

Jana usiku niliamua: vitumbua basi! Mvua inyeshe, jua liwake, mimi nipo motoni hapa Milola, na biashara siioni ikikua. Nisipotokea, nani atajua?

Basi leo nikalala.

Mara mlango ukagongwa kwa nguvu. Nikachungulia dirishani. Wanawake wamejitanda kanga, wanaume wamevaa kofia.

Mume wangu yuko shambani. Nikajua kuna msiba.

Nikafungua. "Ni nani? Niambieni ni nani!"

Bi Somoe, jirani yangu, akanikumbatia huku analia. "Tulidhani umetutoka, mwanangu. Tangu alfajiri hatujaona moshi kwako. Haijawahi kutokea!"

Ningewaambiaje kwamba nilikuwa nimelala tu?

Bodaboda mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, hana hata haya: "Si yuko hai? Wengine hatujanywa chai!"

Nimewasha moto saa nne. Adhuhuri haijafika, vitumbua vimenunuliwa vyote, sina hata kimoja.

Kesho alfajiri nipo. Kanga za msiba ziacheni nyumbani, njooni na sahani.